Kutoka Kiungo hadi Mwalimu: Namna ya Kujiandaa Kabla ya Kutundika Daluga

Kila mwaka hapa Tanga huwa naona viungo wazuri, yaani wachezaji wa katikati ya uwanja, wakitundika daluga wakiwa na miaka thelathini na kitu, na mwezi haujaisha wanafika uwanjani kuomba wapewe timu ya vijana waifundishe. Ombi lenyewe ni jema, lakini wengi huja mikono mitupu. Hawana daftari, hawana cheti, hawajawahi kukaa benchi kama wasaidizi, na mpira wanaoujua wanaujua kwa miguu tu, hawawezi kuueleza kwa maneno. Mwongozo huu nimemwandikia kiungo ambaye bado anacheza, iwe ni mchangani Makorora au katika ligi ya mkoa, na ambaye moyoni anajua kwamba siku moja atapenda kuitwa mwalimu.

Mfano nitakaoufuata ni wa Gordon Strachan, Mskoti aliyezaliwa Edinburgh tarehe 9 Februari 1957, kiungo wa upande wa kulia aliyezichezea Dundee, Aberdeen, Manchester United, Leeds United na Coventry City, kisha akazifundisha Coventry, Southampton, Celtic, Middlesbrough na timu ya taifa ya Uskoti. Wapo Waskoti waliobeba vikombe vingi kuliko yeye wakiwa makocha, na wa kwanza wao, Alex Ferguson, ndiye aliyemfundisha. Nimemchagua Strachan kwa sababu safari yake ina kila ngazi ambayo kiungo wa kawaida atalazimika kuipanda: alikuwa mfupi wa kimo, alibadilisha walimu, aliuzwa alipoonekana amechoka, alishuka daraja kama mchezaji na kama kocha, alianza ukocha akiwa msaidizi, na alipigwa mabao matano katika mechi yake ya kwanza kwenye klabu kubwa. Mtu anayejifunza ukocha hufaidika zaidi na safari ya namna hiyo kuliko na orodha ya vikombe.

Anza na kaunta buku

Nunua kaunta buku leo, usisubiri upate kompyuta. Baada ya kila mechi, kabla hujalala, andika mambo matatu: ni wapi mlipoteza mpira mara nyingi, ni mchezaji gani wa timu yako aliyekuwa huru na wewe hukumwona, na mwalimu alisema nini wakati wa mapumziko na kama maneno yake yalibadilisha chochote. Hilo la tatu ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote, kwa kuwa ukishafikisha kurasa hamsini utaanza kuona kwamba maagizo mengine hufanya kazi kila mara na mengine hayafanyi kazi hata siku moja, ijapokuwa yanasemwa kwa sauti ile ile na kwa hasira ile ile.

Kiungo ana nafasi ya pekee katika jambo hili. Kipa anauona uwanja wote lakini kutoka mbali, na mshambuliaji mara nyingi analipa mgongo goli la adui, lakini kiungo anasimama katikati ya mambo na analazimika kugeuza shingo kila sekunde chache ili ajue nani yuko nyuma yake. Anayefanya hivyo kwa miaka kumi ameshajifunza nusu ya kazi ya ukocha. Nusu iliyobaki ni kuyatoa aliyoyaona kichwani na kuyaweka mbele ya watu wengine kwa namna ambayo watayaelewa.

Mwalimu wangu wa kwanza pale Ngamiani hakuwa na ubao. Alikuwa akipanga vifuniko vya soda juu ya mchanga, vyekundu ni sisi na vya kijani ni wao, halafu ananiita: "Mgosi, hebu sogeza hiki, uniambie sasa nani amebaki peke yake." Nikisogeza vibaya hakunikemea, alikirudisha kifuniko mahali pake na kuniuliza tena. Mpaka leo nafundisha hivyo hivyo, na sijapata kifaa kinachomfanya kijana wa miaka kumi na tano afikiri haraka kuliko vifuniko kumi vya soda na swali moja.

Jifunze kutengeneza mpira uliokufa

Wakati ungali unacheza, omba upewe dhamana ya mipira ya adhabu na kona, kwa maana ndipo mchezaji anapopata ruhusa ya kupanga mambo kama kocha. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa mfano wa Strachan ni mzuri mno na unaweza kufundishwa kesho asubuhi.

Ilikuwa Machi 1983, robo fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya, mechi ya marudiano katika uwanja wa Pittodrie mjini Aberdeen. Mechi ya kwanza mjini Munich ilikuwa imeisha bila bao, na sasa Bayern Munich walikuwa wakiongoza 2-1 huku muda ukiyoyoma. Aberdeen wakapata mpira wa adhabu upande wa kulia. Strachan na John McMaster wakaukimbilia mpira kwa pamoja kana kwamba kila mmoja alitaka kuupiga yeye, wakapishana, wakasimama, wakaanza kuonyeshana mikono kama watu wasioelewana. Mabeki wa Bayern wakalegea, wakaamini kwamba wapinzani wao wamechanganyikiwa. Hapo hapo Strachan akageuka na kuuinua mpira ndani ya eneo la hatari, na Alex McLeish akaupiga kichwa wavuni, 2-2. Dakika moja hivi baadaye John Hewitt akafunga la tatu. Miezi miwili baada ya hapo, mjini Gothenburg, Aberdeen waliifunga Real Madrid 2-1 katika dakika za nyongeza na kulibeba kombe.

Ukitaka kuufundisha mpira huo, anza na mpigaji peke yake, bila maigizo yoyote. Mwache auinue mpira mara ishirini hadi uwe unaangukia sehemu ile ile, kati ya alama ya penalti na sanduku dogo la kipa. Kwa viwanja vyetu vilivyo karibu na bahari angalia pia upepo, maana wakati wa kusi mpira ulioinuliwa sana hupelekwa mahali ambapo mpigaji hakukusudia, kwa hiyo upigwe chini zaidi na kwa nguvu zaidi. Baada ya hapo mweke mkimbiaji wa kichwa, umfundishe kusubiri: aanze kukimbia pale mpigaji anapogeuza bega, kwa sababu akisubiri mguu uguse mpira atakuwa amechelewa, na akianza wakati wenzake bado wanabishana beki atamfuata. Hatimaye waongeze wale wawili wanaojifanya kugombana. Ubishi wao usizidi sekunde tatu. Mimi nilipoufundisha mara ya kwanza, vijana walibishana kwa muda mrefu na mwisho wakacheka, na ukishacheka beki ameshajua. Tuliurudia kwa wiki tatu ndipo ukatupatia bao.

Kuna jambo la sheria ambalo wengi hulisahau. Hila hii inafaa tu pale mwamuzi hajaagiza kwamba mpira usubiri filimbi. Ikiwa wachezaji wako wameomba ukuta urudishwe nyuma na mwamuzi akaonyesha filimbi yake, basi filimbi ikilia kila beki atazinduka, na maigizo yenu yatakuwa ya bure. Kwa hiyo wafundishe vijana kukaa kimya na kutolalamikia umbali wa ukuta siku wanapotaka kuitumia.

Pitia mikono ya walimu wengi

Strachan aliingia Aberdeen mwaka 1977 chini ya Billy McNeill, na mwaka uliofuata akaja Ferguson. Pamoja naye alitwaa ubingwa wa Uskoti mwaka 1980 na 1984, na Kombe la Uskoti mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Watu wa Tanga wanaelewa vyema uzito wa kuchukua ligi katika nchi ambayo timu mbili kubwa zimezoea kugawana ubingwa, kwani Coastal Union ya hapa kwetu walifanya hivyo mwaka 1988 mbele ya Simba na Yanga, na wazee wa uwanja wa Mkwakwani bado wanaisimulia siku hiyo kana kwamba ilikuwa juzi.

Mwaka 1984 alihamia Manchester United ya Ron Atkinson, na mwaka 1985 akatwaa Kombe la FA katika fainali ambayo United waliishinda Everton 1-0 wakiwa wamebaki watu kumi. Novemba 1986 Ferguson akamfuata pale Manchester, na Machi 1989 Ferguson huyo huyo akamuuza kwa Leeds United, wakati huo ikiwa daraja la pili. Strachan alikuwa na miaka 32. Wengi wangeona huo ndio mwisho. Chini ya Howard Wilkinson alipewa unahodha, mwaka 1990 Leeds wakapanda daraja wakiwa mabingwa, mwaka 1991 waandishi wa habari za soka wa Uingereza wakamchagua kuwa mchezaji bora wa mwaka, na mwaka 1992 Leeds wakawa mabingwa wa Uingereza, wakiiacha Manchester United katika nafasi ya pili.

Kwa hiyo, ukiachwa na timu kubwa na timu ndogo yenye mwalimu makini ikakuhitaji, nenda, na uende na kaunta buku yako. Uliza kwa adabu kwa nini zoezi fulani linafanyika siku fulani. Walimu wengi hufurahi kuulizwa, ikiwa utauliza baada ya mazoezi na si mbele ya wenzako. Katika safu ile ya viungo wanne wa Leeds, yaani Strachan, David Batty, Gary McAllister na Gary Speed, watatu baadaye walikuwa makocha: McAllister alizifundisha Coventry na Leeds yenyewe, na Speed akaifundisha timu ya taifa ya Wales. Siamini kwamba ilitokea tu, kwa kuwa viungo wanaocheza pamoja kwa miaka wanafundishana.

Utunze mwili pia, maana kadiri unavyocheza muda mrefu ndivyo unavyojifunza zaidi ukiwa ndani ya mchezo. Strachan alijulikana kwa kuchunga chakula chake: uji wa shayiri, ndizi na vidonge vya mwani. Sisi mwani unalimwa na akina mama katika pwani yetu hii hii na ndizi zinashuka kila siku kutoka Muheza na Lushoto, kwa hiyo mchezaji wa Tanga anayekunywa soda na kula maandazi saa moja kabla ya mechi hana sababu ya kufanya hivyo.

Kaa kwanza kwenye kiti cha pili

Machi 1995 Strachan alikwenda Coventry akiwa mchezaji na wakati huo huo msaidizi wa Ron Atkinson, yule yule aliyemnunua miaka kumi na moja nyuma. Alikaa katika nafasi hiyo zaidi ya mwaka mmoja na nusu, na Novemba 1996 ndipo alipokabidhiwa timu. Msimu huo Coventry walinusurika kushuka daraja siku ya mwisho kabisa, kwa kuifunga Tottenham 2-1 ugenini, na baada yake Strachan akaacha kucheza akiwa na miaka 40.

Mimi niliiruka hatua hii, na nililipa. Nilipoacha kucheza nilipewa timu moja kwa moja, na nusu ya wachezaji walikuwa rafiki zangu niliokuwa nikinywa nao kahawa barazani. Nilipomweka mmoja wao benchi, hakunisalimia kwa mwezi mzima, na wenzake wakaanza kuchelewa mazoezini. Sikuwa nimejifunza namna ya kumwambia mtu mzima habari mbaya, na hilo halifundishwi na mguu. Msaidizi hulijifunza kwa kumtazama mkuu wake akilifanya kila Ijumaa, anapotaja kikosi.

Unapokuwa msaidizi ndipo wakati wa kutafuta vyeti. Ngazi za leseni za CAF, shirikisho la soka la Afrika, zinaanzia D, kisha C, B, A na hatimaye Pro, na kozi zake hapa nchini huendeshwa na TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ambalo imejenga kituo cha ufundi hapa hapa Tanga, Mnyanjani. Nenda katika ofisi ya chama cha soka cha mkoa, ujitambulishe, acha jina lako na namba yako, na urudi tena baada ya wiki mbili hata kama hujaitwa. Usidharau ngazi ya chini kwa sababu ulicheza ligi kuu. Darasani utaulizwa jinsi ya kupanga zoezi la dakika tisini kwa watoto thelathini wenye mipira minne, na hapo jina lako la uwanjani halitakusaidia.

Namna ya kuishi na kipigo

Kila kocha atapigwa. Mei 2001 Coventry walishuka daraja baada ya kukaa juu miaka 34, na mechi iliyowashusha ilikuwa dhidi ya Aston Villa, ambamo waliongoza 2-0 na kufungwa 3-2. Septemba Strachan akaondoka, na Oktoba akaichukua Southampton iliyokuwa hatarini kushuka daraja. Aliiokoa, na msimu uliofuata akaipeleka nafasi ya nane na fainali ya Kombe la FA mjini Cardiff, waliyofungwa na Arsenal 1-0. Februari 2004 alipumzika. Hakufundisha timu yoyote kwa miezi kumi na sita, na mimi naona huo ulikuwa uamuzi wa busara ambao makocha wetu wangepaswa kuuiga badala ya kuhama kutoka benchi hadi benchi ndani ya wiki moja.

Kisha ikaja Celtic. Tarehe 27 Julai 2005, mechi yake ya kwanza ya mashindano, Celtic walifungwa 5-0 na Artmedia mjini Bratislava. Siku tatu baadaye wakatoka sare ya 4-4 na Motherwell. Mabao tisa katika mechi mbili! Wiki hiyo hiyo, nyumbani, wakaifunga Artmedia 4-0, wakatolewa kwa tofauti ya bao moja tu. Msimu huo walitwaa ubingwa wa Uskoti, wakaurudia mwaka 2007 na 2008, na mara mbili wakafika 16 bora ya Ligi ya Mabingwa Ulaya.

Baada ya kipigo kikubwa, fanya hivi. Jioni ya mechi usihutubie. Hakikisha tu kila mchezaji ana nauli na amefika kwao. Siku inayofuata kaa na msaidizi wako, mchore kila bao kwa vifuniko vya soda, na mtafute mahali ambapo kila bao lilianzia, ambapo mara nyingi ni pasi tatu au nne kabla ya yule beki ambaye mashabiki wanamtukana. Chagua kosa moja tu, lile lililojirudia, na mazoezi ya siku mbili yahusu hilo peke yake. Usibadilishe nusu ya kikosi kwa hasira, na usimtaje mchezaji kwa jina redioni.

Hilo la redio nalisisitiza. Strachan alisifika kwa majibu makali mbele ya waandishi, na mengi yaliwafurahisha watu. Lakini Oktoba 2017, Uskoti ilipotoka sare ya 2-2 na Slovenia na kukosa nafasi ya kuwania tiketi ya Kombe la Dunia la 2018, alilalamikia kimo na maumbile ya Waskoti, na maneno hayo yakamfuata kuliko matokeo yenyewe. Siku chache baadaye kazi aliyoianza Januari 2013 ilikwisha. Iliniuma kuyasikia kutoka kwake, kwa sababu huyu ni mtu aliyefunga bao dhidi ya Ujerumani Magharibi katika Kombe la Dunia la 1986 kule Querétaro, akakimbilia ubao wa matangazo ili auruke kwa furaha, akauona ni mrefu kwake, akainua mguu mmoja tu na kuuweka juu yake, wenzake wakamzunguka pale. Ukihojiwa baada ya kufungwa, jibu kwa sentensi mbili, shukuru, ondoka.

Jambo jingine ni kujua wakati wa kuondoka. Pale Middlesbrough, alikoingia Oktoba 2009, mambo hayakwenda, na mwaka mmoja baadaye aliacha kazi bila kudai fedha zilizobaki katika mkataba wake. Sisemi kila mtu anaweza kumudu hivyo, hasa mwenye ada za shule za kulipa, lakini kabla hujasaini mkataba wowote andika katika kaunta buku dalili ambazo zikionekana utajua kwamba wachezaji hawakusikii tena.

Sasa, zoezi la kuanzia. Mwombe mwalimu wako akupe watoto wanane kwa dakika ishirini, Jumamosi, kabla ya mazoezi ya wakubwa. Pima mraba wa hatua kumi na tano kwa kumi na tano, weka koni nne au ndala kama koni hazipo, wanne pembeni, wawili katikati wakitafuta pasi na wawili wakiwakaba. Kila anayepokea mpira katikati ataje kwanza, kwa sauti, rangi ya jezi iliyo nyuma yake. Asiyetaja, mpira unahesabiwa umepotea na anabadilishana na mkabaji. Usizungumze zoezi likiendelea. Simama nje ya mraba na kaunta buku yako, na kila mara mtoto anapogeuza shingo kabla mpira haujamfikia, chora mstari mmoja mbele ya jina lake.